Krismasi ya Mito Iliyojaa

Mazungumzo ya redio ya juma la Krismasi
Somo: Mathayo 7:24–27

Nawasalimu ninyi mlioko Kitui na Makueni, mnaotusikiliza huku chai ikichemka jikoni. Nawasalimu pia ninyi mlioko Nairobi na Mombasa, ambao mmekwisha kufunga mizigo na mnangoja gari la kuwaleta nyumbani. Mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi wote wawili, anayesafiri na anayemngojea msafiri.

Katika juma hili watu wengi hutumiana kadi za Krismasi. Ukizitazama kadi zile utaona nyumba zilizofunikwa na theluji, miti isiyo na majani, na watoto waliovaa makoti mazito. Ndiyo Krismasi ya Ulaya, kwa maana huko Desemba ni mwezi wa baridi kali. Sisi huku Ukambani hatuijui Krismasi ya namna hiyo. Krismasi yetu ni ya mvua. Mwezi wa Oktoba mawingu huanza kukusanyika, Novemba mvua hunyesha, na Desemba, mwaka ukiwa mzuri, shamba huwa kijani toka vilima vya Mbooni hadi tambarare za Ikutha. Kunde zimetoa majani, mahindi yameanza kubeba, pojo zimechanua.

Vitabu vya shule huziita mvua hizi mvua fupi, au vuli. Wenyeji huziita mbua ya nthwa. Mtu wa Kiambu au wa Kericho hutegemea zaidi mvua za Machi hadi Mei, lakini mkulima wa Kitui na Makueni huweka tumaini lake kubwa katika hizi za mwisho wa mwaka. Zikikosa, chakula kimekosa. Ndiyo sababu kwetu sikukuu ya kuzaliwa kwa Mwokozi huangukia katika siku zile zile ambazo mkulima hulitazama shamba lake na kujua kama watoto watakula mwaka ujao au hawatakula. Hatuwezi kuhubiri Krismasi huku bila kuitaja mvua.

Basi leo nataka tukumbuke Krismasi chache ambazo mvua yake haikusahaulika, kisha tuulize Neno la Mungu linatufundisha nini.

Njaa iliyoshuka kwa ndege

Wazee wetu hawakuandika miaka katika kalenda. Waliipa majina, na mengi ya majina hayo ni majina ya njaa. Iko njaa ya mwaka 1898 na 1899, iliyoitwa Ngomanisye, kwa sababu ilienea kila mahali isiache kijiji. Iko ile ya mwaka 1984, iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake, nakufa huku nimeshika. Mtu alikuwa na fedha mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo dukani. Na katikati ya hizo iko njaa moja yenye jina la ajabu: Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, ya mwaka 1961.

Kwa nini njaa iitwe ndege? Sikilizeni vizuri. Mvua za mwisho wa mwaka 1960 zilikuwa haba, na za mwanzo wa mwaka 1961 nazo hazikutosha. Mifugo ilikufa kwa wingi. Watu waliomba mvua makanisani, na wengine waliomba mahali pa kale pa mababu zao. Kisha mwezi wa Oktoba mvua ikaja. Haikuja kama mvua ya kawaida. Ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, ikaendelea Desemba, katika nchi zote za Afrika Mashariki. Mto Tana na mto Athi ilifurika. Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia mwaka 1964 maji yake yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili juu ya pale yalipokuwa.

Sasa angalieni hali ya mtu wa Kitui. Ghala yake ilikuwa tupu kwa sababu ya ukame. Mvua imekuja, lakini mbegu aliyoipanda leo haiwezi kuliwa kesho. Na chakula cha msaada kilichokuwa kikiletwa kwa malori hakikuweza kumfikia, maana barabara zimekuwa matope na mito haivukiki. Watu walikuwa wakifa njaa wakiwa wamezungukwa na maji. Ndipo zikatumwa ndege, zikapita chini juu ya vijiji, zikaangusha magunia ya chakula. Mpaka leo mzee akikuambia kwamba alizaliwa wakati wa Ndeke, utajua umri wake.

Wale walioadhimisha Krismasi ya mwaka 1961 walisherehekea namna gani? Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wake juma mbili tu zilizotangulia, na Kenya yetu ilikuwa ikingoja wake. Huku Ukambani, jirani zake walikuwa wakitazama mbinguni: kwanza kuona kama mawingu yatatawanyika, kisha kusikiliza kama iko sauti ya ndege.

Mvua iliyopewa jina la Mtoto

Wataalamu wa hali ya hewa wamechunguza sababu ya mvua kama ile. Bahari ya Hindi ina pande mbili, upande wetu wa Afrika na upande wa Indonesia. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia huwa ya moto zaidi, na mvua nyingi hunyesha huko. Lakini mwaka mwingine mambo hugeuka. Maji ya upande wetu hupata joto na ya upande wa pili hupoa. Hapo hewa yenye unyevu mwingi huvutwa kuja kwetu, na mvua za vuli huzidi kipimo. Jambo hili lilielezwa waziwazi na wataalamu mwaka 1999, nao walipotazama nyuma waliona kwamba ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961. Ilitokea tena mwaka 1997, mwaka 2019 na mwaka 2023.

Mwaka 1997 lilikuwapo na jambo la pili. Bahari nyingine, ile kubwa ya Pasifiki, nayo ilikuwa imepata joto kupita kawaida. Hilo ndilo tunaloliita El Niño. Siku hizi kila mtoto wa shule analijua jina hili, lakini ni wachache wanaojua maana yake. Ni neno la Kihispania. Wavuvi wa pwani ya Peru, huko Amerika ya Kusini, waliona tangu zamani kwamba maji ya moto hufika pwani yao karibu na sikukuu ya Krismasi. Wakayaita El Niño, maana yake Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Naam, ndugu zangu, mafuriko yaliyobomoa madaraja yetu yanaitwa kwa jina la Mtoto aliyelazwa horini.

Mnaikumbuka Krismasi ya mwaka 1997. Mvua ilianza Oktoba na haikukoma ila mwaka mpya ulipokuwa umekwisha kuingia. Barabara kuu ya kwenda Mombasa, ile ipitayo Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, iliharibika vibaya, na wasafiri wa sikukuu walilala njiani. Uchaguzi mkuu ulikuwa umewekwa tarehe 29 Desemba, siku nne baada ya Krismasi. Upigaji kura ukaongezwa siku nyingine, na mvua ilikuwa mojawapo ya sababu. Huko Garissa, ng'ambo ya Tana, mbu waliozaliwa katika madimbwi walieneza homa ya Bonde la Ufa, ikaua watu na mifugo mingi. Hata hivyo katika mwaka uleule, mahali pengi pa Kitui na Makueni palipokuwa pamekauka pakapata majani, na chemchemi zilizosahauliwa zikatoa maji. Mvua ileile ilimwachia huyu baraka na yule msiba.

Jambo kama hilo tumeliona karibuni. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Krismasi ya mwaka 2022 ilikuwa ya vumbi. Punda walikwenda mbali kutafuta maji, na wazazi wengi hawakuwa na kitu cha kuwapikia wageni. Tarehe 14 Februari mwaka 2023 watu wakakusanyika katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, kumwomba Mungu mvua kwa ajili ya taifa zima. Kisha mwezi wa Novemba mwaka uleule mafuriko yakaja, na kabla ya Krismasi zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa katika Kenya. Mwaka ulioanza kwa kuomba maji ulimalizika kwa kuyakimbia.

Swali la baba mmoja

Baada ya maziko ya kijana mmoja aliyechukuliwa na mto, baba yake alinishika mkono akaniambia, "Baba Mchungaji, mvua hii tuliiomba sisi wenyewe. Mimi nilikuwa kanisani siku hiyo, nikasema amina. Je, tuliomba vibaya?"

Swali hili si la mtu asiyeamini. Ni la mtu aliyeamini akaomba, akapewa, na alichopewa kikamchukulia mwanawe. Wengi wenu mmelibeba moyoni bila kulisema. Kwa hiyo haifai tulipite haraka.

Kwanza, wako watu watakaomjibu kwamba mwanawe alikuwa na dhambi fulani, au kwamba kijiji kile kimemkosea Mungu. Msiwasikilize. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 5, anafundisha kwamba Baba yetu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki pamoja. Na katika Luka sura ya 13, alipotaja habari za watu walioangukiwa na mnara, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Mvua haichagui paa la nyumba. Mto haumwulizi mtu kama amebatizwa.

Pili, kuomba mvua si vibaya. Kanisa letu la Anglikana limerithi Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662. Katika kitabu hicho, palipo na sala za mambo mbalimbali, iko sala ya kuomba mvua, na mara baada yake iko sala ya kuomba mvua ikatike. Sala hizi mbili zimewekwa pamoja kama majirani. Wale walioziweka walikuwa wachungaji wa wakulima. Walijua kwamba mtu yuleyule, katika shamba lilelile, aweza kuzihitaji zote mbili kabla ya mwaka kwisha. Hawakuona aibu kumrudia Mungu na kumwambia: Bwana, tulikuomba maji, sasa tunakuomba jua. Mtoto humwambia mama yake, naona baridi, na baada ya kitambo humwambia, naona joto. Mama hamfukuzi.

Tatu, na hapa ndipo mahali pa kazi yetu. Kuomba ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kujitayarisha kukipokea kile tulichokiomba. Ukimwomba jirani maziwa ukaenda kwake bila kibuyu, yakimwagika si kwa kuwa jirani ni mbaya.

Nyumba na mto wa mchanga

Sasa tulitazame somo letu. Bwana Yesu anasimulia habari za wajenzi wawili. Mmoja alijenga juu ya mwamba, mwingine juu ya mchanga. Mvua ikanyesha, mito ikaja, pepo zikavuma; nyumba moja ikasimama, ya pili ikaanguka kwa kishindo.

Msomaji wa London akiisoma habari hii hushangaa kidogo. Hujiuliza, ni mpumbavu gani atakayejenga juu ya mchanga? Lakini ninyi watu wa Thua na Tiva, watu wa Kaiti na Thwake, hamshangai hata kidogo, kwa maana nchi aliyozaliwa Yesu inafanana na yenu. Huko nako mvua hunyesha katika miezi ya Desemba na Januari, na miezi mingi ya mwaka ni kiangazi. Huko nako iko mito ambayo karibu mwaka mzima haina maji, ni mchanga mtupu, mweupe na laini. Watoto huchezea humo, mbuzi hupitishwa humo, na mtu mvivu huona kwamba ni kiwanja kizuri, tambarare, kisicho na mawe. Kisha siku moja mvua hunyesha mbali milimani. Pale penye mchanga jua linawaka, hakuna hata wingu. Mara husikika mngurumo, na maji hushuka kama ukuta, yakiwa yamebeba magogo.

Kwa hiyo yule mjenzi wa pili hakuwa mwendawazimu. Aliuona mto jinsi ulivyo wakati wa kiangazi akadhani ndivyo utakavyokuwa siku zote. Hili ndilo kosa ambalo Bwana anatuonya nalo.

Mnakumbuka tarehe 4 Desemba mwaka 2021, siku ya Jumamosi. Basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, huko Mwingi, maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Mto ukalisukuma, likazama, watu wengi wakitazama toka ng'amboni. Wapiga mbizi wa pale kijijini walijitupa majini, wakawaokoa baadhi yao. Baadaye wakaja wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji. Watu zaidi ya 30 walikufa, na watoto walikuwamo. Walikuwa ndugu zetu wa Kanisa Katoliki, wamevaa nguo za kuimbia, wakiwa na furaha. Ilikuwa majuma matatu kabla ya Krismasi. Kitui nzima iliomboleza, nasi sote tuliomboleza pamoja nao.

Sisemi neno lolote la kuwalaumu waliokufa. Nasema kwa ajili yenu mlio hai na mnaosafiri juma hili. Maji yaendayo kasi, hata yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima mwenye nguvu. Gari likianza kuelea halina breki wala usukani. Wewe uliye ndani ya matatu, ukiona dereva anataka kuyaingia maji ambayo sakafu yake haionekani, paza sauti. Shuka. Usione haya kwa ajili ya abiria wenzako, wala usiseme, "Tumechelewa, mama anangoja." Mama anakungoja wewe, hangoji saa. Mito yetu mingi ya mchanga hupungua upesi kama ilivyojaa upesi. Mara nyingi ni suala la saa chache. Lala ng'ambo. Kula mkate mkavu dukani. Fika nyumbani siku ya pili ya Krismasi, nyama iwe imekwisha, lakini ufike.

Nanyi mlioko nyumbani mnaomngoja mtu, mna sehemu yenu. Msimpigie simu kila nusu saa mkimwuliza yuko wapi na kwa nini hafiki. Mwambieni, "Mwanangu, mto umejaa. Ngoja huko. Tutakuwekea chakula." Neno hilo moja la mama au la susu laweza kuwa zawadi ya Krismasi ipitayo nguo na sukari.

Maji yaliyofichwa mchangani

Lakini mto wa mchanga hauleti mauti tu. Nataka niwakumbushe habari nyingine. Tarehe 3 Desemba mwaka 1849, mmishenari wa kwanza wa Kanisa letu katika nchi hii, Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui kwa mzee Kivoi, aliuona mlima Kenya mawingu yalipofunguka. Akaandika kwamba ana theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya hawakuamini. Mwaka 1851 akarudi. Safari hiyo waliposhambuliwa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Kivoi aliuawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Alipoufikia mto alikunywa, kisha, akiwa hana chombo, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki yake. Maji hayo yakamwishia. Kiu ikakaribia kumwua. Ndipo akasikia kelele za nyani. Akazifuata mpaka katika mto mkavu, akaona shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba mchangani, na ndani yake mna maji.

Ndugu msikilizaji, nyani walijua jambo ambalo msomi yule alikuwa hajalijua. Mafuriko ya Desemba hayakuwa yamepotea yote. Sehemu yake ilibaki chini ya mchanga, imefichwa jua lisiikaushe, ikimngojea mwenye kiu wa kiangazi.

Na watu wa Ukambani wamelichukua somo hilo wakalifanya kuwa kazi. Nendeni Kitui na Makueni leo mtaona mabwawa ya mchanga kwa mamia. Vikundi vya mwethya, wanaume kwa wanawake, hubeba mawe na maji na kuchanganya saruji, wakajenga ukuta kukatiza mto penye mwamba. Mafuriko yakija hushusha mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga. Robo au zaidi ya kile kionekanacho kuwa mchanga mkavu huwa ni maji. Jua haliwezi kuyakausha upesi, mbu hawezi kutaga humo. Kina mama ambao walikuwa wakitembea nusu siku kwa ajili ya mtungi mmoja sasa huchota karibu na nyumbani. Tena milimani, huko Kilungu na Mbooni, watu wamekata matuta ya fanya juu, wakitupa udongo upande wa juu wa mtaro, hata mvua ishukayo isichukue shamba bali iingie ndani yake.

Angalieni hekima hii. Ukuta wa bwawa la mchanga lazima ushike mwamba. Ukiujenga juu ya mchanga, maji hupita chini yake na mwaka wa kwanza tu huanguka. Mafundi wa mwethya hawakusoma chuo cha theolojia, lakini kwa mikono yao wanahubiri Mathayo sura ya 7. Mchanga si mbaya wenyewe. Mchanga uliokingwa na ukuta ulioshika mwamba huhifadhi uzima. Mchanga uliotegemewa peke yake huzamisha nyumba.

Ndivyo ulivyo na moyo wa mtu. Baraka za Mungu hutujia kama mvua zetu, pengine nyingi kwa mara moja, kisha kimya kirefu. Huyu ameuza mazao vizuri mwaka huu. Yule mwanawe amepata kazi mjini. Katika juma moja la sikukuu fedha ya mwaka mzima yaweza kushuka kama mto Enziu ikaishia katika pombe na nguo za kuonyesha majirani, na mwezi wa Januari mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mvua ilinyesha, lakini hapakuwa na ukuta. Jengeni ukuta. Wekeni mbegu. Wekeni karo kabla ya kununua mbuzi. Mkumbukeni mjane ambaye shamba lake lilichukuliwa na maji, mpelekeeni debe moja kabla hamjaketi kula. Na panapo kikundi cha mwethya katika kijiji chenu, wewe uliyetoka mjini, usisimame kando na viatu vyako vilivyong'aa. Shika jiwe.

Kwa yule baba aliyeniuliza swali sina jibu linaloweza kumrudishia mwanawe. Nilimwambia neno moja tu, nami nawaambia ninyi nyote mliofiwa mnaoiona Krismasi hii kuwa ndefu. Mwana wa Mungu hakuja duniani katika kadi nzuri. Alikuja katika safari ya wazazi walioamriwa na serikali kusafiri, mama akiwa mjamzito, mahali pa kulala hakuna. Baadaye wazazi hao walikimbia naye usiku, na nyuma yao mama wengine wa Bethlehemu waliwalilia watoto wao. Katika Injili ya Mathayo kilio hicho kimeandikwa karibu kabisa na habari ya Mamajusi na zawadi zao. Kwa hiyo, wewe unayelia wakati wengine wanaimba, hujatoka nje ya Krismasi. Umo ndani yake.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, mwenye mbingu na mawingu, tunakushukuru kwa mvua ya mwaka huu, nyingi au chache. Walinde wote walio njiani juma hili. Wape madereva moyo wa kungoja, na wape abiria ujasiri wa kusema. Wafariji waliofiwa katika mito yetu, wa zamani na wa sasa. Bariki mikono ya wote wanaojenga, ili kile unachotupa kisitupite. Utusimamishe juu ya mwamba, ndiye Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wa heri. Mungu awabariki. Kwaherini.